Usukani wa Mustang

Kila Januari, kwa amri ya serikali, magari yote yalijibadilisha umbo yafanane na toleo la mwaka huo. Mama Ndeshi alikuwa amechoka kutazama likibadilika lile gari la Mustang aliloachiwa na marehemu mumewe. Pua ndefu ya gari ilikwishafupishwa, taa zake za duara zikawa nyembamba kama macho ya mtu mwenye usingizi, na yule farasi wa nembo ya mbele alitoweka mwaka juzi. Sasa mkaguzi alikuwa amesimama uani kwake, Moshi.

“Mama, mwaka huu usukani unaondoka.”

“Baba Ndeshi aliushika miaka thelathini, mwanangu. Niachieni huo tu.”

“Si mimi, mama. Ni sheria. Pole sana.”

Mama Ndeshi aliingia garini, akaushika usukani pale ambapo vidole vya mumewe vilikuwa vimeilainisha ngozi iliyoufunika. Ukayeyuka viganjani mwake kama nta, ukanywea, pakabaki patupu. Hakulia, hata nguvu za kulia hakuwa nazo.

“Tunakwenda wapi, mama?” gari likauliza kwa upole.

“Nyumbani,” akajibu, akiwaza miaka aliyoishi na mumewe, ingawa walikuwa uani kwake.

Geti likafunguka lenyewe, gari likajiendesha, likatoka naye.