Moshi wa Baba Pacha

Upepo uligeuka, na Baba Pacha akajua leo ameumbuka.

Tangu alfajiri moshi wa tanuri lake la mkaa ulikuwa ukielekea bondeni, kwa adabu zake. Sasa ulishika njia ya shule. Akarusha udongo juu ya tanuri kwa koleo, kwa mikono, hata kwa sufuria ya mkewe. Akiziba huku, unachomoza kule.

Filimbi ikalia kwa mbali.

"Hao, klabu ya mazingira," mkewe alisema kutoka jikoni. "Hata Jumamosi hawalali."

"Nimesikia, Mama Pacha. Mimi si kiziwi."

Kijiji kizima kiliwaogopa watoto wale. Waliunusa moshi kama mbwa wa polisi, na mtu akikutwa amekata mti, jina lake lilisomwa siku ya wazazi, mbele ya wakwe na watani. Kinyozi alisomwa mwaka jana. Mpaka leo anawanyoa watu akiangalia sakafu.

Baba Pacha alikitazama kisiki nyuma ya nyumba. Akakifunika kwa karai. Karai halikutosha.

"Watagawanyika," akanong'ona. "Wengine mlangoni, wengine kisimani. Ukikimbia tu, umejipeleka. Mpumbavu gani aliwafundisha watoto hila hizi?"

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpumbavu huyo namjua. Nilimwambia mkaa ukiisha tuombe kwa jirani. Akasema ataiweka wapi aibu hiyo!"

"Nyumba inaungua, wewe unacheka!"

"Haiungui nyumba, mume wangu. Unaungua wewe."

Nyayo zikasikika kisimani. Kisha mlangoni. Baba Pacha akazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, halafu akajitosa bandani mwa kuku wenyewe, magoti masikioni, pumzi kaibana. Jogoo akamdonoa sikio. Akavumilia.

Tetea mmoja hakuvumilia. Alipiga kelele za mwizi.

Mlango wa banda ukafunguliwa. Binti mwenye filimbi shingoni akachungulia, akaona masizi, manyoya na macho mawili. Akarudi nyuma. Wenzake wakajipanga mstari, wakasimama wima.

"Shi-ka-moo, Mwa-li-mu!"

Binti akakohoa kidogo.

"Mwalimu, ulituambia tukimkamata mtu tusimcheke, tumuulize kwanza kilichomsibu. Haya, Mwalimu. Umesibiwa na nini?"