Kura ya Mtoano

Ligi ikipita, fundi saa amekwisha. Alilijua hilo tangu mfamasia, mwenyekiti wao wa mashindano ya chesi ya kompyuta, aliposogeza maboksi ya dawa stoo kwake, akawawekea viti na kusema, "Mwaka huu kila programu icheze na kila programu. Ndiyo haki."

Pembeni ya fundi saa alikaa shemeji yake, mhasibu, kaka wa mkewe na bingwa wa mwaka jana. Katika mashindano hayo programu ya fundi saa, aliyoiandika mwenyewe, ikihemea kwenye kompyuta kuukuu, ilipigwa raundi ya kwanza. Kwa hasira akaifuta. Kisha shemeji alipolala kwao na kompyuta yake, fundi saa akamwibia programu: akainakili nzima nzima, akaipa jina jipya. Aliogopa hata kuifungua aone ilivyoandikwa ndani. Kwenye kompyuta mpya aliyonunua, ilicheza vile alivyoota siku zote ya kwake icheze.

Ukumbini, skrini kubwa huonyesha kila programu inawaza nini. Hizo mbili zikikutana, watu wangeona skrini mbili zikiwaza kitu kimoja, hatua kwa hatua. Angefukuzwa, na mkewe angeambiwa ameolewa na mtu aliyemwibia kaka yake.

"Ligi itawalaza watu," alisema haraka. "Mtoano ndio una utamu. Ukipigwa, unafunga virago."

"Na wawili wakali wakikutana mapema?" aliuliza mfamasia.

"Tuwatenge. Shemeji akae upande huu wa ratiba, mimi ule."

"Ala, kumbe siku hizi nawe mkali."

Fundi saa alicheka kwa shida. Akifika nusu fainali, angesingizia kompyuta imegoma, wasikutane fainali.

"Haya basi," mfamasia alisema. "Mimi ligi, wewe mtoano. Bingwa ndiye atakayeamua."

Fundi saa alijiona ameshindwa. Bingwa amwogope nani? Mwenye programu kama ile angetaka ligi tu, awafagie wote mmoja mmoja. Shemeji aliinamisha kichwa, akajifuta jasho.

"Mtoano," alisema hatimaye. "Na tutengwe, kama alivyosema."

Nje, fundi saa alitaka kukimbilia nyumbani, lakini shemeji alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Umenisitiri, shemeji, na sikustahili. Kumbe ulijua muda wote kwamba programu iliyonipa ubingwa ni ile yako, niliyoinakili mwaka juzi uliponiachia kompyuta yako."