Kikohozi cha Baraka

Mmisionari alikaa benchi la nyuma, lile linaloyumba, mfukoni ana barua ya kuomba abakizwe ugenini mwaka mmoja zaidi. Ndege yake ilikuwa ya kesho. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelilea kanisa hili, na moyo wake ulikataa katakata kwamba litasimama bila yeye.

Mbele, fundi cherehani aliyemrithi mimbarini alimaliza mahubiri bila kuchungulia karatasi hata mara moja. Akafunga Biblia, akainua mikono atoe baraka.

Kisha akakohoa mara mbili, taratibu, ngumi mdomoni.

Kanisa zima likainamisha vichwa.

Mmisionari aliduwaa. Kikohozi kile kilikuwa chake. Vumbi la sakafu ile lilimkaba kila Jumapili, hivyo alizoea kusafisha koo kabla ya baraka asije akakwama katikati. Fundi mwenyewe hajapiga hata chafya tangu azaliwe. Kumbe watu walidhani ni sehemu ya ibada!

Alitaka ainuke awaeleze. Lakini vumbi halina adabu. Koo likamwasha, naye akakohoa.

Bibi wa benchi la mbele yake akageuka.

"Baba, tulia kidogo," alinong'ona. "Leo wa kukohoa ni mchungaji."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Haya, inama, usitukoseshe baraka."

Akainama. Akaitoa ile barua mfukoni, akaikunja mara nne, akaisukumiza chini ya mguu mfupi wa benchi.

Benchi likaacha kuyumba.