Honi Mbili Getini

Siku hizi gari, hata la zamani, hujifunza mikono ya dereva wake, na hata likiuzwa hubaki na mazoea ya dereva huyo. Ndiyo maana nilinunua lile gari jekundu la zamani, la mbio, la milango miwili, la marehemu kaka yangu Mhina. Siku ya kwanza kulipanda, mikono yangu ilikuwa mapajani tu. Lenyewe lilikata kona ya Chumbageni, likapiga honi mbili fupi getini kwa mama. Mama akatoka mbio akijifunga kanga.

"Mhina, mwanangu, umekula?"

Lakini magari ya zamani huruhusiwa barabarani kwa wanachama wa klabu pekee, na klabu haikupokei mpaka mazoea ya mwenye gari wa kwanza yafutwe.

"Dada, gari haliendeshwi na wawili," alisema mwenyekiti, Mzee Semboja, alipomaliza kuyafuta, akilipapasa boneti. "Hata la marehemu mke wangu nililifuta mwenyewe. Sasa litakutii wewe, hata ukikosea gia."

Wanachama walicheka, wakanivika kofia ya klabu.

Jioni niliendesha mwenyewe hadi getini. Nikapiga honi mbili fupi, kama yeye. Mama alichungulia dirishani.

"Mhina bado hajarudi," akasema, akashusha pazia.