Karatasi ya Padre Hermani

"Mtu asiliguse!" Mzee Akonaay alifoka, akalikumbatia kopo la majani ya chai mbele ya baraza zima la ardhi. "Ataligusa Violeth peke yake."

Watu wa Endasak wakaangua kicheko. Si huyuhuyu Akonaay aliyemsimanga binti yake miaka minne kwamba amekwenda chuo kikuu ng'ambo kusomea upuuzi? Wenzake wanasomea udaktari, yeye Kilatini na Kigiriki! "Lugha ya marehemu," alizoea kusema. "Itakamua ng'ombe gani?" Na Violeth naye, kwa kiburi usiseme, alikuwa akimjibu palepale: "Baba, iko siku utanitafuta."

Siku yenyewe ndiyo hii. Jirani yao Hhando alikuwa analidai shamba la bondeni, lile linalowalisha wote pale nyumbani. Akonaay alikuwa na ushahidi mmoja tu: karatasi ya Kilatini iliyoandikwa na Padre Hermani, mzungu wa misheni, mwaka 1961. Aliyekabidhiwa ni babu yake Violeth. Alipokuwa anakata roho alimwambia mwanawe: "Hii ndiyo hati ya shamba. Usimwonyeshe mtu, watakupora." Wala Akonaay hakumwonyesha mtu, hata binti yake.

"Ila huyo Padre naye alikuwa mwongo," Akonaay alinung'unika akifungua kopo. "Nilimtumikia altareni tangu mdogo, na Kilatini alichonifundisha nimeshakisahau chote. Akaniahidi ataniombea nafasi seminari. Nimengoja mpaka nikaota ndevu! Angalau shamba alituandikia."

Violeth alimwamkia Hhando shikamoo, kisha akaikunjua karatasi taratibu isichanike.

"Neno shamba limo?" aliuliza Mama Perpetua, mwenyekiti wa baraza.

"Limo."

Akonaay aliruka juu. "Mmesikia? Marehemu kafufuka!" Hhando akainamisha kichwa.

Lakini Violeth alikuwa anaendelea kusoma kimya, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye sahihi. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Soma kwa sauti!" baba yake alihimiza. Halafu akamsogelea, akamnong'oneza: "Kama kuna kasoro, rekebisha. Nani hapa atajua?"

Hasira zikampanda Violeth. Miaka minne amechekwa kwa ajili ya lugha hii, halafu leo aigeuze ya kudanganyia watu? Thubutu! Shamba na liende, na ng'ombe walifuate.

"Nitasoma kilichoandikwa, baba. Na utanisikiliza mpaka mwisho."

"Haya, soma!"

Akasimama wima, akaanza kutafsiri, sauti yake ikisikika mpaka barabarani:

"'Kwa Gombera, mkuu wa seminari. Anayekuletea barua hii ni baba yake Akonaay. Yeye anataka mtoto abaki shambani, lakini nimemsihi mpaka amekubali kuifikisha mikononi mwako. Tangu nije nchi hii sijapata kumfundisha Kilatini mtoto kama huyu. Mpokee, nakuomba. Ameshafunga mzigo wake, anangoja jibu lako.'"