Mwaridi wa Bi Rukia

Madoa meusi yalikuwa yameenea kwenye majani ya mwaridi, na bwana shamba alisema yote yakatwe na kuchomwa. Mzee Tawakali alisimama na mkasi, asithubutu. Mwenyewe ndiye aliyeyamwagia majani yale maji kila jioni, yang'ae mbele ya macho ya mkewe mgonjwa. Kumbe huko kuyalowesha ndiko kulikoyaponza.

"Zitabaki fito tupu," alisema.

Bi Rukia, aliyeketi mlangoni, alivua ushungi. Nywele zilikuwa zimeanza kuchipua.

"Uliponinyoa ulisema zitaota. Ulinidanganya?"

"Zimeota."

"Basi kata, bwana wee."

Alikata yote. Bi Rukia akasogeza kiti, akamimina maji taratibu shinani, mkono wa pili ukipapasa nywele zake fupi.