Alama ya Dole Gumba

Bi Salha alirudi kutoka sokoni akamkuta mdogo wake, Hamadi, sebuleni na mgeni aliyevaa glavu nyeupe. Mezani, masanduku ya sarafu ya Bi Salha yalikuwa wazi. Zilikuwa sarafu za kukusanywa, si za kutumia dukani, zimeng'arishwa mpaka mtu anajiona ndani yake, kila moja katika kikasha chake cha plastiki. Alianza kuzinunua tangu usichana wake, na hakuwahi kuzigusa kwa mkono mtupu.

"Dada, tumeshakubaliana bei," Hamadi alisema. "Bwana huyu anazichukua leo."

"Umekubaliana na nani?"

"Usikasirike. Vitu vyenyewe haviliwi wala havivaliwi."

Bi Salha aliweka kikapu chini. Akachagua seti aliyoipenda kuliko zote, akafungua kikasha, akatoa sarafu kubwa ya fedha.

"Mama, usiiguse!" mgeni alipaza sauti. "Alama ya kidole haitoki. Hakuna atakayeitaka tena."

"Najua," alijibu, akaikandamiza kwa dole gumba katikati.

Hamadi alijishika kichwa. "Umeiharibu!"

"Miaka yote nimeogopa kuigusa. Kumbe nilikuwa nawatunzia nyinyi."

Mgeni akavua glavu zake polepole. Bi Salha alikuwa ameshafungua kikasha cha pili. Aliitia sarafu kiganjani, akaifumbata. Hakuwahi kujua kwamba zilikuwa baridi namna ile.